Darasa la Kuazima

Mwalimu Lai Guizhen alikuwa na mwavuli mwekundu ambao haukuwahi kuona mvua. Ulikaa mwaka mzima kwenye droo ya meza yake, ofisi ya walimu wa Kiingereza. Kila mwezi wa nne aliutoa, akaingia nao kidato cha pili, akampa mtoto yeyote wa mstari wa mbele, kisha akajifanya analowa. Alijikunyata, akajifuta uso, akatazama dari kwa chuki. Watoto walicheka. Baada ya hapo hakucheka mtu, kwa sababu ndipo somo lilipoanza.

Kwa Kichina neno ni moja tu, jie, awe anayetoa au anayepokea; sentensi yenyewe ndiyo inayoonyesha kitu kimetoka kwa nani. Kiingereza kimeligawa neno hilo kuwa mawili. Lend ni la mwenye mali: kitu kinaondoka mkononi mwake. Borrow ni la mhitaji: kitu kinamjia. Na kila moja lina tabia zake. Lend hukubali kumtaja mtu palepale, halafu kitu. Ukianza na kitu, linadai to kabla ya mtu. Borrow halimtaki mtu karibu. Linataka kitu kwanza, halafu from, halafu ndiyo mtu aje. Juu ya hayo, vitabu vya mitihani vya kule vilifundisha kwamba borrow ni tendo la mara moja, kama kupiga chafya: huwezi kulifanya kwa wiki mbili. Ukishauchukua mwavuli, siku zinazofuata unakaa nao tu, na hapo neno ni keep.

Mwalimu Lai aliyafundisha hayo kwa miaka kumi na tisa katika shule ya sekondari ya mji mdogo uliozungukwa na milima ya machungwa, kusini mwa Jiangxi. Kila mwaka, theluthi ya watoto waliandika kwenye mtihani: Can you borrow me your pen? Aliyanakili makosa yao katika daftari la jalada la kijani, pamoja na tarehe. Hakuwa na sababu kubwa ya kufanya hivyo. Alipenda kujua kosa linaishi wapi.

Mwenyewe alizaliwa bonde la pili kutoka hapo, mtoto wa tatu wa seremala, na Kiingereza alikijulia kwenye kaseti moja ambayo kaka yake aliiacha alipokwenda kufanya kazi kiwandani Dongguan. Aliisikiliza mpaka utepe ukalegea na sauti ya yule mwanamke wa kwenye kaseti ikawa ya mwanamume. Akaingia chuo cha ualimu, akarudi, akaolewa na Zhong Maolin, mwenye shamba la machungwa la miti mia nne, wakapata binti mmoja, Ruiting. Huyo binti ndiye aliyemfanya mama yake aingie mashindanoni.

Ruiting alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisoma shule ya mjini, makao makuu ya wilaya, na alilala kwa shangazi yake. Mama yake alimwona Jumamosi mbili kwa mwezi. Shule za mjini zilipokea walimu kutoka milimani pale tu walipofika daraja la mwalimu mwandamizi, na fomu ya daraja hilo ilikuwa na mahali pa kubandika cheti kimoja: nafasi ya kwanza katika somo la wazi la wilaya. Mashindano yalifanyika kila baada ya miaka mitatu. Miaka mitatu ikipita, Ruiting angekuwa na kumi na sita na pengine asingemhitaji mtu wa kumkumbusha kuvaa soksi.

"Mwaka huu, Mama Ting," mumewe alisema wakila tofu za kujazwa nyama, "hata kuku wanajua borrow. Asubuhi nimemsikia jogoo."

"Jogoo amesema borrow au lend?"

"Nitajuaje mimi? Alikuwa anadai mahindi."

Kule, somo la wazi, yaani linalofundishwa mbele ya wageni na majaji, halifundishwi na mtu mmoja. Linanolewa. Ofisi nzima ya Kiingereza, walimu sita, iliketi nyuma ya darasa na kulisikiliza somo lilelile mara saba, katika madarasa yote ya kidato cha pili. Darasa lake mwenyewe, lenye watoto arobaini na sita, lililisikia mara tatu. Kiongozi wa kunoa alikuwa Mzee Liao, mkuu wa somo, mwenye saa ya kupimia wakimbiaji ikining'inia shingoni.

"Lai mdogo," alimwita hivyo Mwalimu Lai, ingawa mwalimu huyo alikuwa na miaka arobaini na moja, "umetabasamu dakika ya pili. Tabasamu ni dakika ya nne, baada ya picha ya babu. Ukitabasamu mapema, dakika ya nne utafanya nini? Utalia?"

"Nitajikaza, Mzee Liao."

"Na mwavuli ushike kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ni wa chaki. Na wimbo, dakika ya thelathini na nne, hata paa likianguka. Majaji wanapenda wimbo."

Wimbo Mzee Liao alikuwa ameutunga yeye mwenyewe, kwa tuni ya watoto wanaohesabu bata. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba ulikuwa mbaya.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo halikuandikwa kwenye mpango wa somo, kwa sababu halikuandikwa popote. Katika somo la wazi, mwalimu akiuliza swali, watoto wote huinua mikono. Wote, bila kubaki hata mmoja. Darasa lenye mikono chini huonekana darasa lililolala. Kwa hiyo watoto hufundishwa mapema: anayejua jibu anainua mkono wa kulia, asiyejua anainua wa kushoto. Mgeni anaona msitu wa mikono. Mwalimu anaona nani wa kumwita. Mwalimu Lai alifanya hivyo tangu mwaka wake wa kwanza, alivyoelekezwa na waliomtangulia, na hakuwahi kulizungumza na mtu kwa sentensi nzima. Ilikuwa kama namna ya kuvaa soksi iliyotoboka: kila mtu anajua kidole kinafichwaje, hakuna anayeuliza.

Mashindano yenyewe yalikuwa na sharti lake. Mwalimu hakuja na darasa lake. Aliazima darasa la shule mwenyeji. Siku moja kabla, alipewa dakika kumi za kuwaona watoto, awajue sura, nao wamjue.

Dakika kumi za Mwalimu Lai zilipotea upesi. Darasa aliloazima lilikuwa la mwalimu kijana, Ye Wenjuan, aliyevaa viatu vyeupe na kuongea haraka kama anayechelewa basi.

"Ni watoto wazuri, dada," alisema mlangoni. "Wasome wasisome, kelele hawana. Na mikono wanaijua."

"Mikono wanaijua," Mwalimu Lai akarudia.

"Wanaijua sana."

Wakatazamana kidogo, wote wawili wakageuza macho, na habari ya mikono ikaishia hapo.

Siku iliyofuata, madawati yalipangwa jukwaani katika ukumbi wa shule, watoto wakaketi kuangalia ubao, na chini ya jukwaa wakakaa walimu mia mbili kutoka wilaya nzima, na majaji watano mbele yao wenye meza na chupa za chai. Mwalimu Lai alibandikwa maikrofoni ndogo kwenye ukosi wa blauzi. Alikuwa wa tatu kufundisha. Alianza vizuri. Alijikunyata, akaichukia dari, ukumbi ukacheka. Dakika ya nne, ikaja picha ya babu anayempa msichana mwavuli, akatabasamu, na chini kule Mzee Liao akaitazama saa yake akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Babu anatoa mwavuli, na kesho anautaka," Mwalimu Lai akauliza kwa Kiingereza. "Babu anafanya nini?"

Mikono yote ikapanda. Ilikuwa inapendeza. Alitafuta mkono wa kulia ulioinuliwa juu kuliko mingine, akampata mvulana mrefu wa mstari wa pili. Kibandiko cha kifuani kilisema Wen Zhiyuan.

"Zhiyuan?"

Zhiyuan akasimama taratibu. Akamtazama kama mtu aliyeitwa jina la mwingine.

Mwalimu Lai akangoja, kisha akamgeukia msichana wa karibu na dirisha, mkono wa kulia, umenyooka. Luo Caiyun akasimama. "Borrow?" akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chakula kimeharibika.

"Umekaribia. Nani atamsaidia?"

Mikono ikapanda tena yote. Alimwita mvulana mwenye miwani, Gu Shijie, mkono wa kulia bila shaka yoyote. Akasimama. Akaitazama dari ileile ambayo mwalimu alikuwa ameichukia. Sasa walikuwa watatu wamesimama, kwa kuwa kule mtoto aliyeshindwa swali haketi mpaka jibu lipatikane naye alirudie, au aambiwe aketi. Mwalimu Lai alijiuliza kama amekosea picha. Alijiuliza kama hawa watoto waliwahi kufundishwa Kiingereza. Akamwita wa nne, msichana mdogo wa mstari wa mbele, Zeng Muyao, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kwa kunyooshwa.

Muyao alisimama, akainama kuelekea kwake, akanong'ona.

"Mwalimu, mimi nimeinua wa kulia."

Alinong'ona vizuri sana, mdomo karibu kabisa na ule ukosi wa blauzi. Spika nne za ukumbi zikamtangaza.

Kisha mtu wa mistari ya nyuma akacheka, halafu mstari mzima, halafu ukumbi wote, walimu mia mbili, kwa kicheko cha watu walionaswa pamoja kwenye jambo moja. Jaji mmoja mwenye mvi alijificha nyuma ya chupa yake ya chai. Mwalimu Ye, pembeni ya jukwaa, alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Mwalimu Lai alielewa. Darasa hili lilikuwa kinyume: hapa wa kulia ulikuwa wa asiyejua. Akageuka, akatafuta mkono wa kushoto, akampata msichana mwenye vikuku vya plastiki.

"The old man lends the girl an umbrella," akasema yule msichana, bila kosa hata moja, akaketi.

Kuanzia hapo somo likateleza. Wa kushoto walijua kila kitu. Walijua to na from, walijua keep, mmoja alitunga sentensi kuhusu baiskeli ya mjomba wake ambayo haikuwa kwenye mpango na iliwafurahisha majaji. Mwalimu Lai alisikia somo likirudi kwenye reli zake, dakika baada ya dakika, na Mzee Liao alikuwa ameacha kujifuta kipaji cha uso. Ilipofika thelathini na nne akaweka chaki chini, akafungua mikono kuanzisha wimbo, na ndipo alipowaona.

Walikuwa bado wamesimama. Wote wanne. Katika ule msukosuko alisahau kuwaketisha, na nusu saa nzima mazungumzo yalikuwa yamepita juu ya vichwa vya wenzao na kuwazunguka wao kama nguzo. Zhiyuan alikuwa amehamishia uzito mguu mmoja. Muyao alikuwa akilia bila sauti, kwa kudhani ameharibu.

"Jamani, ketini," alisema kwa Kichina. "Nisameheni. Ketini."

Watatu wakaanza kukunja magoti. Gu Shijie mwenye miwani hakukaa.

"Mwalimu, bado sijajibu," akasema.

Hakuwa anashindana naye. Kwao ndivyo ilivyokuwa: aliyesimamishwa anajibu. Wale watatu, wakiwa hawajafika kwenye viti, wakasimama tena.

Mwalimu Lai alimtazama Mzee Liao, ambaye kwa kidole alikuwa akichora hewani alama ya muziki. Alimkumbuka Ruiting na Jumamosi mbili za mwezi. Akaokota mwavuli, akaenda kwenye mstari wa pili, akampa Zhiyuan.

"Mvua inanyesha," akamwambia Shijie. "Nani analowa?"

"Mimi."

"Mwavuli wa nani?"

"Wake."

"Muombe."

"Can you borrow..." Akasita.

"Usilitazame neno. Tazama mkono. Akikupa, mkono wa nani unaachia?"

"Wake."

"Basi usiseme la kwako. Sema la kwake."

Shijie alitazama mkono wa mwenzake kwenye mpini wa mwavuli. Midomo ilifanya kazi kidogo. "Can you lend me your umbrella?"

"Sijui," akasema Zhiyuan kwa Kichina, "na mimi nalowa," na jukwaa zima likacheka, hata Muyao. Lakini aliutoa. Kisha ikawa zamu ya Zhiyuan kuomba, naye akauomba sawasawa. Caiyun alikosea mara moja, akarudi mwenyewe, akapata. Muyao alipopewa zamu, alijifuta pua, akasema, "Can I borrow your," na kengele ikalia.

Hakunyamaza. "Umbrella, please," akamalizia, kengele ikilia juu yake, majaji wakiwa wamekwisha weka kalamu chini.

Matokeo yalibandikwa saa kumi. Mwalimu Lai alikuwa nafasi ya pili. Maoni ya majaji yalikuwa mistari miwili: wanafunzi wana ari ya hali ya juu; somo halikukamilika, kwani wimbo ulioandikwa kwenye mpango haukuimbwa.

Mwalimu Ye alimkimbilia getini, viatu vyeupe vikiwa na tope. "Dada, nife mie! Kwetu ni kushoto. Mwaka juzi kuna mkaguzi alishtukia ule wa kulia, tukageuza. Nilidhani unajua."

"Uliniambia wanaijua mikono."

"Si wanaijua!"

"Wanaijua sana," alisema Mwalimu Lai, na wote wawili wakashindwa kujizuia, wakacheka mpaka Mwalimu Ye akashika nguzo ya geti.

Mzee Liao hakucheka. Alikaa naye kiti kimoja kwenye basi la kupanda mlima, saa yake mkononi, na kwa kilomita kumi akawa anaiwasha na kuizima.

"Neno moja," alisema mwishowe. "Ungesema 'ketini' mara ya pili, kwa ukali. Wangekaa. Watoto hukaa."

"Walikuwa bado wamesimama, Mzee Liao."

"Ndiyo nakwambia! Ungewakalisha!"

"Wangekaa bila kujua."

"Si watoto wako! Ni wa kuazima! Kesho mwenyewe angewafundisha." Akaitikisa saa, kana kwamba ndiyo iliyokosa. Baadaye, kwa sauti ya chini, akauliza, "Yule wa miwani, alisema lend mwenyewe au ulimtamkia?"

"Mwenyewe."

"Hm," akasema Mzee Liao, akageukia dirisha. "Na wimbo ulikuwa mzuri."

Jioni Ruiting alipiga simu akiwa kwa shangazi yake. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama, yaani hukuuliza mkono gani?"

"Sikuuliza."

"Mama! Hata sisi mwalimu mgeni akija tunamuuliza. Kwetu anayejua ni kulia kiganja wazi, asiyejua ni kushoto ngumi."

"Na wewe huwa unainua upi?"

Kwa mbali shangazi alisikika akiwaita kula tambi.

"Kwenye Kiingereza, kulia," alisema Ruiting. "Hesabu, inategemea." Kisha akaongeza haraka, "Miaka mitatu si mingi. Jumamosi uje na machungwa, yale ya mti wa karibu na kisima."

Jumatatu Mwalimu Lai aliingia katika darasa lake. Walikuwa wamekwisha sikia. Habari kama ile hupanda mlima upesi kuliko basi. Wakasimama, wakamwamkia, wakaketi, wakamtazama kwa huruma ya watoto, ambayo haifichiki.

Hakuzungumzia mashindano. Aliandika ubaoni sentensi mbili zenye pengo, kila moja ikingoja lend au borrow.

"Anayejua ainue mkono," alisema.

Mikono arobaini na sita ikapanda.

"Shusheni. Nasema hivi: anayejua ainue mkono, wowote anaoutaka. Asiyejua akae nao mezani."

Wakatazamana. Mtoto mmoja wa nyuma, Qiu Dahai, mzungumzaji wa darasa, akauliza, "Mwalimu, na wakija wakaguzi?"

"Wakija watakuta mikono mezani."

"Watasema tumelala."

"Mtajibu kwamba mko macho na hamjui. Haya."

Ilichukua muda. Mkono mmoja ukapanda, ukashuka, ukapanda. Mingine ikafuata kwa uchache, kama watu wanaopima maji ya mto kwa kidole cha mguu. Ilipotulia, Mwalimu Lai akahesabu. Ilikuwa kumi na saba. Hili lilikuwa darasa lake, lililosikia somo lilelile mara tatu ndani ya mwezi mmoja, pamoja na tabasamu la dakika ya nne.

Akahesabu tena, kutoka upande wa pili, ikawa kumi na saba.

Alifungua daftari la kijani, akaandika tarehe na ile hesabu. Kisha akavuta mwavuli kutoka kwenye begi, akatembea kupita mstari wa mbele ambao aliuzoea, akaenda mpaka dawati la mwisho, kwa Qiu Dahai, ambaye mikono yake miwili ilikuwa imelala mezani.

"Shika," alimwambia. "Mvua inanyesha, na mimi sina mwavuli."